Kikomo cha ampea kilikuwa 2, mbona bodi ya simu imeungua? Matumizi salama ya pawa saplai ya mezani

Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Ninajifunza ufundi wa simu katika kibanda kimoja hapa Mwanza, na mwezi uliopita nilinunua pawa saplai ya mezani iliyokwishatumika, ile ya volti 0 hadi 30 na ampea 0 hadi 5, yenye nobu nne mbele, vidirisha viwili vya tarakimu, na matundu matatu ya kuchomekea waya: jekundu, jeusi na la kijani.

Juzi nilipokea simu ya mteja iliyokuwa haiwaki. Nikatoa betri, nikaweka volti 4.0, nikafunga ampea kwenye 2 kama nilivyoelekezwa, kisha nikabana klipu kwenye kiunganishi cha betri. Simu iliwaka vizuri, ampea zikawa zinachezacheza kati ya 0.2 na 0.4, nami nikaridhika kwamba tatizo lilikuwa betri tu. Nilipopeleka mkono kuchukua bisibisi iliyokuwa nyuma ya mashine, mkono wa shati ukasukuma nobu ya volti. Sikusikia mlio wowote wala sikuona taa ikibadilika. Nilichokiona ni tarakimu 11 na ushee kwenye kidirisha cha volti, na kabla sijairudisha nobu, harufu ya kuungua ilikuwa imeshanifikia. Bodi ilikufa pale pale, na aisi ya pawa, kile kipande kinachogawa umeme ndani ya simu, ina kishimo kidogo katikati kama iliyochomwa kwa sindano ya moto.

Mteja nimekubaliana naye namna ya kumlipa. Linalonikosesha usingizi ni kwamba kikomo cha ampea nilikuwa nimekiweka, na niliamini ndicho kinga. Naomba kueleweshwa kwa nini hakikuiokoa simu, taa za C.V. na C.C. zinasema nini hasa, kitufe chenye herufi OCP ni cha nini, na tundu la kijani linatumikaje. Vilevile wenzangu hutumia mashine hizi kuamsha betri zilizokufa, nami ningependa kujua kama ni salama kabla sijaigiza.

Fundi wa Redio

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hasara hiyo. Nimetengeneza redio na amplifaya kwa miaka mingi, na kosa lililokupata nimeliona kwa mafundi wengi, kwa sababu tunafundishana kwamba ukishafunga ampea basi kifaa kiko salama, ilhali hiyo ni nusu tu ya habari.

Pawa saplai haisukumi ampea kuingia kwenye simu. Yenyewe hushikilia volti ulizoziweka, na mzigo ndio unaochukua ampea kadiri unavyohitaji. Kikomo chako kilikuwa kinangoja simu ifikie ampea 2 ndipo kiingilie kati. Volti zilipopanda kutoka 4 hadi 11, simu haikuwa imefika huko, kwa hiyo kikomo hakikuwa na la kufanya, na ndiyo maana hukuona taa ya C.C. ikiwaka. Aisi ile imeundwa kwa volti za betri ya seli moja, hivyo ikavunjika ndani kwa wingi wa volti, ikageuka shoti, na baada ya hapo ndipo kikomo kikaanza kazi. Tatizo ni kwamba ampea 2 zikipita kwenye kitone cha silikoni zinatosha kabisa kutoboa kishimo ulichokiona.

Ili uelewe zile taa mbili, fanya jaribio hili leo hii, kwa maana maelezo peke yake hayakai kichwani. Chukua rezista ya ohm 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, uweke volti 5 na kikomo cha ampea 1. Rezista itachukua ampea 0.5, na taa ya C.V. itawaka, maana yake mashine inatawala volti. Sasa shusha kikomo polepole hadi 0.3. Taa ya C.V. itazimika, ya C.C. itawaka, maana yake sasa inatawala ampea, na volti zitaporomoka zenyewe hadi 3 bila wewe kugusa nobu yake, kwa kuwa ohm 10 mara ampea 0.3 ni volti 3. Hivyo ndivyo mashine inavyozuia ampea: inapunguza volti mpaka mzigo usiweze kuchukua zaidi. Ukilifahamu hilo utaacha kudanganyika na simu inayoonyesha nembo kisha inazima, inaonyesha nembo tena kisha inazima. Mara nyingi simu ni nzima. Kikomo ndicho kilichowekwa chini mno, volti zinazama kila inapotaka kuwaka, nayo inadhani betri imekwisha.

OCP, yaani kinga ya kuzuia ampea kuzidi, ni jambo jingine, ingawa linatumia nobu ile ile. Ukikibonyeza kitufe hicho, mashine ikifikia kikomo haipunguzi volti bali inakata umeme kabisa mpaka uiwashe upya. Mimi hukitumia ninapojaribu amplifaya niliyobadilishia transista, maana shoti ikitokea sitaki mashine iendelee kuilisha wakati mimi nasomasoma mchoro. Kwa simu inayowaka kinaweza kukusumbua, kwa sababu mtambo wa simu wa mtandao wa GSM unaporusha mawimbi huvuta mkondo kwa vishindo vifupi vinavyoweza kukaribia ampea 2, na mashine itakata ilhali hakuna ubaya wowote.

Kinga ambayo ingekuokoa inaitwa OVP, yaani ya kuzuia volti kuzidi. Unaiwekea kiwango, tuseme 4.6, na nobu ikisukumwa kupita hapo mashine inazima mkondo wenyewe. Kiwango hicho usikibuni. Soma maandishi ya betri ya simu husika, kwani kuna betri zinazojaa kwa volti 4.2, na nyingi za siku hizi hujaa kwa 4.35 au 4.4 na zaidi kidogo. Angalia kama mashine yako ina kitufe hicho, kwa maana nyingi za bei nafuu hazina.

Mwalimu wa Karakana

Namuunga mkono Mzee Fundi wa Redio katika yote, ila kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulishangaa kila mwaka, nalo linahusu hata yule aliyeweka kikomo sawasawa.

Ndani ya pawa saplai, kwenye matundu ya kutolea umeme, kuna kapasita inayotuliza volti. Kikomo cha ampea kinatawala kile kinachoifikia kapasita hiyo, lakini hakitawali chaji iliyokwishakaa ndani yake. Darasani huwa naweka volti 12 na kikomo cha miliampea 20, ambacho kwa karatasi kinaitosha LED ndogo ya milimita 5, kisha naigusisha LED kwenye waya huku mashine ikiwa tayari inatoa umeme. Inamweka mara moja kwa mwanga mkali usio wa kawaida, na mara nyingi huo ndio mwisho wake. Kapasita iliyojaa volti 12 imejimwaga yote ndani ya LED kabla kikomo hakijapata nafasi ya kufanya lolote. Nikichukua LED nyingine ya aina ile ile, nikaiunganisha kwanza huku umeme umezimwa, kisha nikapandisha volti kutoka sifuri, inawaka kwa utulivu na volti zinasimama zenyewe kwenye 2 au 3 kulingana na rangi yake.

Kwa hiyo Mwanagenzi, usizoee kubana klipu kwenye bodi huku volti zikiwa tayari zipo. Zima kitufe cha kutoa umeme, weka volti, weka kikomo, washa upime kwa multimita kwenye ncha za klipu zenyewe, zima tena, bana klipu huku ukihakikisha chanya na hasi, ndipo uwashe huku jicho likiwa kwenye ampea. Kama mashine yako haina kitufe cha kutoa umeme, anza na volti sifuri upandishe kwa mkono. Kikomo nacho, ikiwa mashine haionyeshi kiwango kabla ya kuwasha, unakiweka hivi: shusha volti hadi 1 au 2, gusanisha klipu nyekundu na nyeusi, zungusha nobu ya ampea mpaka kidirisha kisome unachotaka, kisha ziachanishe. Ni shoti ya makusudi, na mashine iliyo nzima haidhuriki nayo kwa sekunde chache.

Sasa nakuomba uitazame mashine nyuma, na ufanye hivyo ikiwa imechomolewa ukutani. Nyingi za namna hiyo zina swichi ndogo ya kuchagua volti 110 au 220. Ikiwa imekaa kwenye 110 na wewe unaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, bahati yako ni fyuzi kukatika. Bahati mbaya ni kapasita kupasuka ndani. Aliyekuuzia huenda aliigusa wakati wa kuifuta vumbi.

Tundu la kijani ni erthi. Limeungana na bati la nje la mashine na pini ya tatu ya plagi. Tundu jeusi ni hasi ya umeme unaotoka, nalo halijaungana na erthi mpaka wewe uliunganishe, kwa hiyo kwa kazi ya simu liache la kijani peke yake na utumie jekundu na jeusi. Kinachonisumbua zaidi ni plagi. Vibandani kwetu kuna mazoea ya kuingiza plagi ya pini mbili kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti. Mashine ya chuma ikilishwa namna hiyo haina erthi. Ikiwa ni ya aina ya swichingi, ile nyepesi isiyo na transfoma kubwa, bati lake huwa linatekenya vidole, na mtekenyo huo unaweza kupitia kwenye klipu au ncha ya pasi ya kulehemu hadi kwenye bodi ya simu unayoishughulikia. Ikiwa waya wa ndani umechubuka na kugusa bati, hapo hatuzungumzii mtekenyo tena bali volti 230 kwenye nobu unazozishika. Nunua plagi ya pini tatu yenye fyuzi, funga waya wa erthi, na upime kwa multimita kwamba pini ya juu inasomana na skrubu za bati.

Mwanagenzi

Nashukuru sana, mwalimu, na nakushukuru nawe mzee wangu. Jana usiku nilifanya majaribio yote mawili, na jaribio la rezista lilinifungua macho, kwani niliziona volti zikishuka hadi 3.0 kama ilivyoandikwa.

Nilipogeuza mashine, swichi ya nyuma ilikuwa kwenye 220, ila plagi ilikuwa ya pini mbili, na waya wa kijani ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa utepe ndani ya waya mkuu. Nimeibadilisha. Lipo jambo lingine lililonishangaza. Kidirisha kinasoma volti 4.00, lakini simu ikiwa inachukua ampea 1.4, multimita kwenye klipu inasoma 3.72. Je, mashine ni mbovu? Na kitufe cha OVP kweli hakipo kwenye mashine yangu. Kilichopo ni OCP peke yake.

Fundi wa Redio

Mashine yako haina ubaya. Volti 0.28 zimepotelea kwenye waya. Gawanya 0.28 kwa 1.4 utapata ohm 0.2, ambayo kwa waya mwembamba na klipu zilizochakaa ni jambo la kawaida. Usiipandishe nobu kufidia, kwa sababu simu ikipumzika na kuchukua ampea kidogo, pengo hilo linatoweka na volti zote ulizoongeza zinaifikia bodi. Tumia waya mnene na mfupi, lehemu klipu badala ya kuzikaza kwa skrubu tu, kisha upime upya.

Kwa kuwa OVP huna, kinga ya kwanza ni ya mikono. Sogeza mashine juu ya rafu usawa wa macho, pasipo na sababu ya mkono kupita mbele yake, na uzivike nobu za volti kifuniko. Mimi nimekata kitako cha chupa ya plastiki ya maji nikakibandika kwa utepe upande mmoja, nikitaka kuzungusha nakifunua. Kinga ya pili ni zena, yaani dayodi inayofunguka volti zikifika kiwango chake, ya volti 5.1 yenye uwezo wa wati 5, ukiiunganisha karibu na klipu, upande wenye mstari ukielekea chanya. Volti zikikimbia, zena inafunguka na kuzishikilia karibu na 5, mashine inafikia kikomo cha ampea, na taa ya C.C. inakuonya. Hesabu yake inakubali tu ikiwa kikomo ni ampea 1 au chini yake, maana volti 5.1 kwa ampea 1 tayari ni wati 5, na zena itakuwa ya moto wa kuunguza kidole, kwa hiyo ikitokea zima mara moja. Unapotafuta uvujaji wa umeme kwenye bodi, itoe kwanza, kwa sababu zena za volti ndogo huanza kupitisha mkondo kidogo kabla ya kufikia volti zake, nawe utadhani bodi ndiyo inayovuja.

Sola ya Pwani

Salama, Mwanagenzi? Mimi ni dada yako wa Mombasa, kazi yangu ni betri za sola na za pikipiki, na nimeona swali la kuamsha betri limepitwa ilhali ndilo lenye hatari ya moto.

Betri si rezista. Mzigo wa kawaida hupokea tu, lakini betri inaweza kurudisha umeme ndani ya mashine, na kikomo chako cha ampea hakina mamlaka juu ya umeme unaotoka kwenye betri. Ukigeuza chanya na hasi kwenye betri ya gari, haitakuwa ampea 5 za mashine bali mamia ya ampea za betri zikipita kwenye dayodi iliyoko kwenye matundu ya kutolea. Nimewahi kuifungua mashine iliyofanyiwa hivyo: dayodi ilikuwa imepasuka vipande viwili na njia ya shaba kwenye bodi imeruka kama karatasi iliyochanwa. Kwa hiyo weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya betri, hata kama kazi ni ya dakika 2.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, betri inaanza kuilisha mashine iliyozimika na kujimaliza taratibu. Dayodi moja kwenye waya wa chanya inazuia hilo, lakini inakula volti zake, na volti hizo hubadilika: ni nyingi mkondo ukiwa mkubwa na hupungua mkondo unapofifia. Anayeongeza volti ili kuifidia dayodi ataikuta seli ya lithiamu imevuka 4.2 mwishoni. Afadhali uweke mashine kwenye 4.2 kamili, ukubali betri isijae kabisa.

Kwa seli nzima ya lithiamu ya volti 4.2 yenye uwezo wa miliampea-saa 2000, weka 4.20 kwa multimita wala si kwa kidirisha, na kikomo cha ampea 1. Itaanza kwenye C.C., volti zikipanda polepole, kisha itahamia C.V. na ampea zitaanza kushuka. Zikifika karibu na 0.1, chomoa, mashine ya mezani haijui betri imejaa, haitajizima yenyewe. Iliyo chini ya volti 3.0 uipe kidogo sana, sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani 0.2 kwa hiyo ya 2000, mpaka ivuke 3.0, huku ukiishika kila baada ya muda mfupi kuona kama inapata joto. Lakini betri iliyovimba, au iliyokaa miezi mingi karibu na sifuri, usiiamshe. Shaba ya ndani huyeyuka na kwenda kujijenga mahali pasipostahili, na ukiichaji ndipo inaposhika shoti kwa ndani, pengine ikiwa tayari imerudi mfukoni mwa mteja. Na wakati wote wa kuchaji usiondoke mezani. Iweke juu ya kigae au bati, mbali na makopo ya spiriti.

Mwanagenzi

Ahsante, dada. Kuna betri 3 za namna hiyo kwenye droo, mbili zimevimba. Nimezitenga na sitazigusa. Swali langu la mwisho ni hili: simu ikiwa na shoti kwenye njia kuu ya umeme wa betri, nikitaka kutafuta kipande kinachopata joto, nianze na volti ngapi?

Mwalimu wa Karakana

Kabla ya kuanza kutafuta joto, unganisha klipu kwenye kiunganishi cha betri kwa volti 4.0 na kikomo cha ampea 0.3, usibonyeze kitufe cha kuwashia. Bodi isiyo na hitilafu inatakiwa isome 0.00. Ikisoma 0.30 papo hapo, taa ya C.C. ikawaka na volti zikaanguka karibu na sifuri, shoti iko kwenye njia kuu. Ikisoma sifuri mpaka ubonyeze kitufe ndipo iruke, shoti iko kwenye njia za ndani, na huko hutakiwi kuingiza volti 4 hata kidogo, kwa kuwa njia za prosesa hufanya kazi kwa karibu volti 1 au chini yake.

Kwa njia kuu, rudisha volti hadi 1.0, pandisha kikomo hadi ampea 1, pakaza spiriti ya kusafishia bodi kwa brashi, kisha washa na uangalie ni wapi inakauka kwanza. Pasipokauka, ongeza ampea nusu nusu, volti ukiziacha pale pale kwenye 1. Mara nyingi utaona duara dogo likikauka juu ya kapasita moja huku pembeni pote pakiwa bado panang'aa kwa unyevu. Zima, ing'oe kapasita hiyo, kisha rudia kipimo cha 4.0 na 0.3 kabla hujabonyeza kitufe cha simu.